Mmanga ni Nani?

Katika visiwa vya Bahama, wenyeji weupe wa koo za zamani wana jina la utani: Conchy Joe. Sehemu ya kwanza inatokana na jina la Kiingereza la kome mkubwa wa baharini, ambaye ndiye kitoweo mashuhuri cha visiwa hivyo. Sehemu ya pili ni kifupi cha Joseph, yaani Yusufu, jina la mtu yeyote. Wapo wanaolitamka kwa kejeli na wapo wanaolibeba kwa fahari. Lililonigusa mimi ni ujenzi wake. Jina hilo linamtambulisha mtu kwa kitoweo anachokila pamoja na jirani zake. Bandari walikotoka mababu zake haimo ndani yake.

Sisi wa Pemba tunalo neno linalofanya kazi iliyo karibu na hiyo, nalo ni Mmanga. Ujenzi wake ni wa kinyume. Humtaja mtu kwa pwani ambayo pengine hajaiona, na humtaja hivyo hata kama babu wa babu yake amezikwa Pemba. Nawaomba malenga na wapenzi wa lugha tulitazame neno hili kwa makini, kwa sababu limo katika mazungumzo yetu, limo katika mashairi yetu, na wengi wetu tunalitumia bila ya kulipima uzito.

Tuanze na asili. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa Manga ni jina la Uarabuni, hasa upande wa Omani na Maskati. Kwa ngeli yetu ya M-/Wa-, mtu wa Manga akawa Mmanga, na wengi wao Wamanga. Lakini neno halikuishia kwa watu. Tunayo pilipili manga. Tunalo komamanga, yaani koma la Manga, tunda lililofananishwa na koma tuliyoijua hapa. Tunaye njiwa manga, na kamusi za zamani zinalo jiwe la manga, jiwe gumu la kunolea.

Sasa mtazameni pilipili manga. Asili yake si Uarabuni hata kidogo. Ni mmea wa pwani ya Malabar, India. Sisi tuliupa jina la Manga kwa kuwa tuliuhusisha na majahazi na wafanyabiashara waliokuja kwa upepo wa kaskazi. Kwa hiyo tangu zamani neno manga halikuwa shahada ya kuzaliwa. Lilieleza njia ambayo kitu kilipitia hadi kufika mikononi mwetu. Anayedhani kwamba kwa kumwita mtu Mmanga ametaja asili yake kwa yakini, ameliomba neno ushahidi ambao halikuwahi kuwa nao.

Kwa upande wa watu, maana zimekaa tabaka juu ya tabaka. Tabaka la kwanza ni la mgeni wa msimu: baharia ajaye na kaskazi akiwa na tende na samaki wakavu, akarudi na kusi akiwa amepakia boriti za mikoko. Katika zama za utumwa mabaharia hao waliogopwa kwa sifa ya kuiba watoto, na hofu hiyo ilibaki ndani ya neno hata baada ya biashara yenyewe kwisha.

Tabaka la pili ni la mhamiaji maskini. Pemba ilitoka katika mikono ya Mazrui wa Mombasa na kuingia katika milki ya Sayyid Said katika miaka ya 1820. Baadaye kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo ghala kuu la karafuu. Kazi ikavuta watu. Waliokuja kutoka Omani katika miaka iliyofuata wengi wao hawakuwa mabwana wa mashamba. Walifungua vijiduka vya shamba, wakauza chumvi, mafuta ya taa na tumbaku, wakalala nyuma ya kaunta. Waarabu wa koo za zamani wenye mashamba hawakupenda kuchanganywa nao. Kwao Mmanga alikuwa mtu wa chini, mwenye lafudhi nzito na kanzu iliyofubaa. Jambo hili lafaa likumbukwe: kejeli iliyomo ndani ya neno haikutoka kwa Waafrika peke yao. Sehemu yake ilitoka kwa Waarabu wenyewe.

Tabaka la tatu ndilo tunaloishi nalo leo: Mmanga kwa maana ya mwenyeji mwenye ngozi nyeupe na nywele za singa, ajapokuwa mvuvi kama sisi na Kiarabu chake ni kile cha kusalia tu.

Neno hili limebeba damu pia. Katika fujo za uchaguzi za Juni 1961 kule Unguja watu 68 waliuawa, na wengi wao walikuwa Wamanga wa shamba, wale wale wenye vijiduka. Chuki iliyokusudiwa mabwana wa ardhi iliwaangukia watu waliokuwa wapweke, wasio na ulinzi, na walio karibu. Yakafuata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na wengi waliosalimika wakasafiri. Siandiki haya ili kufuta dhuluma ya utumwa wala kuwatakasa waliofaidika nayo. Historia hiyo ni yetu na ni lazima ifundishwe yote. Nayaandika ili ijulikane kwamba jina moja lilitosha kumfanya muuza chumvi alipe deni la mwenye shamba.

Waliosafiri wakakutana na kioo. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, Omani iliwafungulia mlango watu wake waliokuwa ng'ambo, na familia nyingi zilizotoka visiwani na bara ya Afrika ya Mashariki zikaenda kukaa huko. Walifika na Kiswahili chao, na pilau yao, na kanga za wake zao. Huko wakaitwa Zinjibari, watu wa Zanzibar. Mtu yule yule aliyekuwa Mmanga Pemba akawa Mzanzibari Maskati. Kila pwani ilimpa jina la pwani ya pili. Kwa mshairi, hapa pana maudhui ambayo diwani nzima haiwezi kuyamaliza. Kwa mwenye kuyaishi, ni kukosa mahali pa kukaa bila ya kuulizwa umetoka wapi.

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili sekondari nililisikia neno hili uwanjani kila siku. Mwanafunzi mweupe akifunga goli, alishangiliwa: "Mmanga wetu huyo!" Akikosa penalti, mambo yalibadilika: "Mmanga we, rudi kwenu." Tofauti ya maana haikuwa katika mzizi, wala haikuwa katika kamusi. Ilikuwa katika viwakilishi viwili vya kumiliki. "Wetu" kilimweka ndani; "kwenu" kilimtoa nje, naye kwao ni nyumba ya tatu kutoka skuli. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba sarufi ya Kiswahili ni ndogo kwa umbo lakini ina nguvu ya kuhamisha mtu.

Wapo wenzetu wanaosema neno hili lifutwe, lisitiwe katika mashairi wala lisifundishwe, kwa kuwa ni tusi. Siafikiani nao. Ukilifuta, unafuta pamoja nalo mwenye kijiduka wa mwaka 1961, na unawaachia wanaotukana peke yao kulifasiri. Tena utafanya nini na komamanga, tunda ambalo wafasiri wetu wa Qur'ani wamelitia katika Sura ya Ar-Rahman?

Wapo wengine wanaosema: ni jina la asili tu, na asili haina matusi. Nao pia siafikiani nao. Jina la asili linapotajwa pale tu panapogombaniwa shamba, uchumba au kura, huwa limeacha kueleza asili. Limekuwa kufuli.

Rai yangu ni hii. Watunga kamusi waziandike maana zote tatu, pamoja na alama ya kuonyesha kuwa neno hutumika pia kwa kubeza. Walimu wasilikwepe darasani. Na malenga, ambaye neno ni riziki yake, akilitumia katika ubeti, mshororo wenyewe ubainishe ni Mmanga yupi: wa jahazi, wa duka, au jirani yake. Kulitupa neno katika kina kwa sababu tu linamalizikia kwa "nga" ni uvivu, nao uvivu huo umekwisha kuwaumiza watu.

Hapa Kisiwa Panza, kufika ni kwa chombo. Hilo lasaidia kufikiri. Wapo wanaotaja asili ya Shirazi, wapo wa Ngazija, wapo wa Mrima, na wote wazee wao walishuka pwani na kuvuta chombo mchangani. Mithali yetu humpa mgeni siku mbili tu, ya tatu ikamtia jembe mkononi. Aliyelilima jembe hilo kwa vizazi vitano haki yake haiwezi kuwa ndogo kuliko ya pilipili, ambayo hakuna mpishi wa Pemba anayeiona kuwa ngeni chunguni.

Nawaachia ubeti mmoja, na anayeona vingine na anijibu, kwa nathari au kwa shairi:

Pilipili ya jikoni, tumeiita ya Manga,
Na komamanga shambani, halina wa kulipinga,
Mwenzetu wa visiwani, kwa nini tunamtenga?
Kitovu ki mchangani, na nyumba yake kajenga.