Mtoto wa Shujaa Hana Deni

Maji hufuata mkondo, tunaambiwa, na mtoto wa shujaa lazima awe shujaa. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote. Imewatesa watoto wengi ambao kosa lao pekee ni kuzaliwa katika nyumba yenye jina.

Nenda uwanja wowote wa shule siku ya michezo. Mtoto wa mchezaji aliyewahi kuitwa timu ya taifa akipiga mpira ukapaa juu ya goli, utasikia kicheko, halafu sauti ya mtu mzima kutoka pembeni: "Baba yako asingekosa hilo!" Mwenzake aliyekosa muda mfupi kabla yake aliambiwa pole, ajaribu tena. Kosa lile lile, hukumu mbili.

Wamarekani wameifanya imani hii biashara. Mwaka 2021 kampuni ya katuni ya DC ilimkabidhi Jon Kent, mtoto wa Superman, jina la baba yake na ile herufi ya S kifuani. Katika katuni ya Invincible, kijana Mark Grayson anangoja nguvu za baba yake zimtokee, na siku zinapochelewa anajiona hajatimia. Watoto wetu wanazitazama hadithi hizi na kuzipenda. Lakini sisi tunayo ya zamani zaidi, tena chungu zaidi, na nadhani tumeisoma vibaya.

Ni ya Fumo Liyongo, jitu la Pwani ambalo halikushindika kwa mkuki wala mshale. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Wagala wanamwoza binti yao kwa nia moja tu: wapate mbegu ya shujaa. Hebu fikiria hapo. Hata kabla mtoto hajazaliwa, watu wamekwisha kumpangia awe nani. Baadaye Sultani wa Pate, aliyekuwa akimwogopa Liyongo, akamwita mwana wa Liyongo na kumwahidi binti yake na madaraka iwapo angegundua siri ya baba. Kijana akauliza, akajibiwa: sindano ya shaba kitovuni. Akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akaamka, akashika upinde, akapiga goti karibu na kisima akiwa ameelekeza mshale, na watu wa mji wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Ahadi za Sultani hazikutimizwa. Kijana akaugua, akafa.

Vizazi vimemaliza habari yake kwa neno moja, msaliti. Simtetei, kumuua mzazi hakuna udhuru. Ila nauliza kwa nini chambo kile kilimnasa. Sultani, mtu mwovu, alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakutaka kuliona: kijana huyu hakuwa na chochote ambacho watu walikihesabu kuwa chake. Nguvu zilikuwa za baba, sifa za baba, nyimbo za baba. Mpaka leo tunamtaja kwa jina la baba aliyemuua.

Wanaopinga watanitajia Timothy Weah. Baba yake, George, alishinda Ballon d'Or mwaka 1995 lakini hakuwahi kucheza Kombe la Dunia; mtoto akaifungia Marekani dhidi ya Wales nchini Qatar mwaka 2022. Watasema ni damu. Mimi naona akademia ya Paris Saint-Germain, klabu aliyoichezea baba, naona makocha na miaka ya mazoezi. Na hata usiku ule wa bao lake, habari iligeuzwa kuwa ya baba.

Mfano wangu ni mwingine. Kipchoge Keino alitwaa dhahabu ya mita 1,500 Mexico mwaka 1968, na ya kuruka viunzi na maji Munich mwaka 1972. Mwanawe Martin naye alikimbia, akawa bingwa wa mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani mwaka 1994, kisha akajulikana kwa kazi ya kuweka kasi. Mweka kasi hutangulia, akahesabu kila mzunguko kwa makini ili wanaomfuata wasiungue mapema wala wasilegee, halafu hutoka kando na kuwaachia wengine ushindi. Ukimpima kwa medali za Mexico utasema hakufika. Ukimpima kwa kazi aliyoifanya, utaona fundi. Kipimo cha kwanza ni cha uvivu, maana kinatupunguzia kazi ya kumtazama mtu mwenyewe.

Mzazi shujaa mara nyingi hana hatia hapa. Anayemkumbusha mtoto kila siku ni sisi: mwalimu, kocha, jirani, mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Kwa hiyo ninyi mnaoshika vipaza sauti, mkimwita mtoto jukwaani, mtajeni kwa jina lake, semeni alichokifanya yeye, kisha mwacheni aendelee.