Waliomfukua mjusi wa Tendaguru nao wana majina

Katika ukumbi mkuu wa Makumbusho ya Historia Asilia mjini Berlin amesimamishwa mjusi mwenye kimo cha mita 13.27. Hakuna kiunzi cha dinosaria kilichowahi kusimamishwa makumbusho kwa urefu huo, na wageni humiminika mwaka mzima kumtazama. Mifupa yake haikutoka Ujerumani. Ilichimbwa Tendaguru, kilima kilichoko takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, ambako mnyama huyo aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Safu za "Je, wajua?" za magazeti na vipindi vya redio hupenda habari hii, na hukomea hapo: urefu, umri, Berlin. Mjadala wa kumrudisha mjusi nyumbani umefika hadi bungeni, na kila unapoibuka hesabu ni zile zile za uzito wa mifupa na fedha za kiingilio. Kinachoachwa nje ni watu. Nani alijua pa kupiga sururu? Nani alisafisha mfupa uliopasuka bila kuuvunja, akaufunga, akajitwika kichwani hadi bandarini? Majibu yapo kwenye kumbukumbu, na baadhi yake yana majina kamili. Kwamba majina hayo hayatajwi katika madarasa ya Tanzania ni kasoro ambayo haiwezi kusukumiwa Berlin.

Rasmi, kisa kinaanza mwaka 1906, pale mhandisi wa Kijerumani Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini kwa kampuni moja ya Lindi, alipokuta mifupa mikubwa ikichomoza ardhini kando ya njia. Taarifa ikafika kwa Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart, ambaye alitembelea eneo hilo mwaka 1907. Kisha makumbusho ya Berlin ikachangisha fedha kwa matajiri na vyama vya wasomi, ikatuma watu wake: Werner Janensch na Edwin Hennig walifika mwaka 1909. Uchimbaji uliendelea kwa misimu minne, hadi mwanzoni mwa 1913.

Tarehe hizo zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, na Lindi ilikuwa ndani ya eneo la vita. Ili kuvimaliza, majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Wageni wa Berlin walipokuja miaka miwili baadaye kuomba vibarua, walikuta watu waliotoka kuzika ndugu zao na kuanza upya bila mbegu. Ujira wa Tendaguru ulipokelewa katika hali hiyo. Kusema kwamba wenyeji walijitokeza kwa hiari bila kuitaja njaa ile ni kusimulia nusu ya kisa.

Na walijitokeza wengi. Msimu wa kwanza walikuwa chini ya 200. Kufikia 1911 walikaribia 500. Baadhi yao walikuja na wake na watoto, kambi ikawa kijiji kizima. Machimbo yalitawanyika kwenye eneo pana, na Wajerumani wawili au watatu hawakuweza kuwa kila mahali. Kwa hiyo kazi ya kila siku, tangu kufukua na kusafisha hadi kuamua lini mfupa uko tayari kutolewa, iliangukia mikononi mwa manyapara wa Kiafrika na vikundi vyao. Mkuu wao alikuwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyesimamia wasimamizi wenzake, na ndiye aliyeaminiwa mifupa iliyokuwa dhaifu kuliko yote. Picha za wakati ule zinamwonyesha akiwa kazini kando ya mbavu ndefu kumzidi mtu.

Usafirishaji nao ulitaka ujuzi wake. Nchi ile haikuwa na reli wala barabara ya magari, na mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo. Mfupa uliopasuka ulifunikwa kwa udongo au plasta, ukazungushiwa fito za mianzi zilizokazwa kwa kamba, ukafungwa uwe mzigo wa mtu mmoja. Ule mkubwa mno ulibebwa na wanaume kadhaa kwa mti mabegani. Safari ya Tendaguru hadi bandari ya Lindi ilichukua siku nne, na ilifanywa maelfu ya mara. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilishuka kilimani kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Baadhi ya mafurushi hayo ya mianzi yamebaki Berlin hadi karne hii bila kufunguliwa, jinsi yalivyofungwa na mikono ya watu wa Lindi.

Hapa ndipo suala la majina linapouma. Katika sayansi kila spishi hupewa jina la sehemu mbili, na ile ya pili mara nyingi humheshimu mtu. Mjusi mrefu wa Berlin anaitwa *Giraffatitan brancai*, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho aliyekusanya fedha. Mwingine ni *Dicraeosaurus hansemanni*, kwa heshima ya David von Hansemann, aliyeshiriki kampeni ile ile ya michango. *Elaphrosaurus bambergi* ni wa Paul Bamberg, tajiri wa viwanda aliyetoa fedha. Hata Sattler alipata wake. Mwaka 1919, dinosaria mdogo mla majani aliyefukuliwa hapo hapo aliitwa *Dysalotosaurus lettowvorbecki*, kwa heshima ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Huyu aliongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, vita vilivyomaliza chakula cha wakulima na kuua wapagazi wengi mno. Hakuchimba hata pingili moja ya uti wa mgongo Tendaguru.

Boheti bin Amrani alisubiri hadi mwaka 2007. Mtafiti wa Kijerumani Kristian Remes, alipochunguza upya pingili za shingo zilizokuwa ghalani Berlin, aliona ni za aina ambayo haikuwa na jina, akaiita *Australodocus bohetii*. Miaka 12 baadaye, 2019, ikafuata *Wamweracaudia keranjei*. Sehemu ya kwanza inawaheshimu Wamwera, wenyeji wa eneo hilo, na ya pili ni ya Mohammadi Keranje, nyapara anayehusishwa na ugunduzi wa mkia uliotumika kuielezea spishi hiyo. Majina hayo mawili yametolewa na wanasayansi wa Ulaya, katika majarida ambayo mwalimu wa Nachingwea au Ruangwa ni nadra kuyaona. Mkoa wa Lindi una shule zaidi ya moja zinazoweza kubeba jina la Boheti au la Keranje, na haihitajiki ruhusa ya Berlin kulibandika getini.

Kuna atakayeuliza: jina lina faida gani kwa mtu aliyekwisha kufa? Jibu linaonekana vizuri zaidi katika kisa kingine cha Kitanzania, ambacho mambo yake yalikwenda tofauti.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingizwa kwenye jokofu. Siku moja nafasi jokofuni ilikuwa ikigombaniwa, naye akaingiza yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, alirudia swali lile na mwalimu mwingine akalifanyia mzaha, akisema hiyo ni "fizikia ya Mpemba". Darasa zima likaanza kulidhihaki kila kosa lake kwa namna hiyo hiyo.

Kisha akaja shuleni hapo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza tena, wanafunzi wakacheka tena. Osborne hakuwa na hakika, lakini aliahidi kulijaribu jambo hilo, na ahadi akaitimiza. Mwaka 1969 makala ilichapishwa katika jarida la *Physics Education*, na jina la kwanza juu yake lilikuwa la Mpemba. La Osborne lilifuata. Tangu hapo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la kijana huyo. Wanafizikia bado wanabishana: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016 haukuona ushahidi wa kutosha kwamba hutokea kwenye maji, na mwaka 2020 wenzao wa Kanada walionyesha, kwa chembe ndogo mno ndani ya maji, kwamba kitu cha moto zaidi kinaweza kweli kupoa mapema kuliko cha vuguvugu. Kila upande unamtaja Mpemba. Swali lake limevuka miaka 60 na bado linawapa watu kazi.

Tofauti ya Mpemba na Boheti ni mpangilio wa majina juu ya karatasi. Osborne angeweza kumshukuru mwanafunzi kwa mstari mmoja mwishoni, na kwa desturi za wakati ule hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Uamuzi huo ndio unaomwezesha mtoto wa Lushoto leo kujua kwamba swali lililochekwa darasani kwao limo vitabuni Tokyo na Toronto. Mtoto wa Tendaguru hana kitu cha namna hiyo mkononi, ingawa waliomtangulia kijijini walifanya kazi kubwa zaidi.

Kenya nayo ina kisa cha kuonyesha kwamba mtu wa uwanjani anaweza kutajwa akiwa hai. Kamoya Kimeu, ambaye elimu yake ya darasani haikuvuka shule ya msingi, aliajiriwa na familia ya watafiti ya Leakey mwaka 1960 kuchimba Olduvai. Mwaka 1964, upande wa Ziwa Natron, aliona taya la kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale. Agosti 1984, siku ambayo kikundi chake kilikuwa mapumzikoni, alitoka kutembea Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, akaona kipande kidogo cha fuvu ambacho rangi yake ilikaribiana na ya kokoto zilizokizunguka. Kipande hicho kikawa mwanzo wa mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, anayejulikana leo kama Kijana wa Turkana. Mwaka 1985 Kimeu alikabidhiwa medali Ikulu ya Marekani, na aina mbili za nyani wa kale zimepewa jina lake. Jicho kama lile halipatikani kwa shahada, na Boheti lazima alikuwa nalo.

Dalili za mabadiliko zipo. Baadhi ya visukuku vinavyotoka Tanzania siku hizi huandikwa na Watanzania wakiwa miongoni mwa watafiti, na vingine hupewa majina ya Kiswahili. Dinosaria wa bonde la Rukwa, mkoani Songwe, aliyetangazwa mwaka 2017 anaitwa *Shingopana songwensis*; mwingine wa mwaka 2019 ni *Mnyamawamtuka moyowamkia*, kwa sababu alipatikana kwenye mto wa Mtuka na pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyasoma majina hayo na kuyaelewa bila kamusi.

Lakini majina mapya hayalipi deni la zamani, na hapa ndipo mjadala wa mjusi ungepaswa kubadilisha mkondo. Kumsafirisha Giraffatitan ni kazi ya mamilioni, na itahitaji jengo, wataalamu na makubaliano ya serikali mbili. Huenda ikachukua kizazi. Kumbukumbu za uchimbaji ni jambo jingine: madaftari ya uwanjani, picha, barua, michoro ya machimbo. Hizo zinaweza kunakiliwa na kutumwa kwa intaneti. Watafiti wa makumbusho ya Berlin wenyewe wamekwisha kuchapisha historia ya msafara huo, pamoja na sura yake ya kikoloni, kwa hiyo mlango haujafungwa kwa kufuli. Tanzania ingeomba nakala kamili, izitafsiri kwa Kiswahili, na kuziweka Makumbusho ya Taifa na pia Lindi, ambako wajukuu na vitukuu wa wapagazi bado wapo na huenda wakatambua majina ya babu zao.

Kwa upande wa shule, haihitajiki hata mada mpya. Maji Maji tayari imo kwenye somo la historia, na baada yake kuna nafasi ya ukurasa mmoja kuhusu waliotoka vitani wakaenda kubeba mifupa. Mada ya joto tayari imo kwenye fizikia, na Mpemba aingie humo kama jaribio la kufanywa darasani kwa vikombe viwili na jokofu, huku mwanafunzi akiruhusiwa kupata jibu linalomshangaza mwalimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina mamlaka ya kuamua hayo. Kilindi cha muda kimefukia mengi ya Tendaguru, ila majina ya Boheti bin Amrani na Mohammadi Keranje yamekwisha fukuliwa. Kilichobaki ni kuyaandika kwenye kitabu cha mwanafunzi kabla ya muhula ujao kuanza.