Ile ya Mshtarii Nani Kaituma?

Nimemaliza hadithi nyingine ambayo mwizi wa ng'ombe anapigwa na radi ukurasa wa mwisho, huku bibi mwenye macho mekundu akicheka kibarazani. Jamani, mpaka lini?

Mimi ni wa Igunga. Mvua zikianza Wembere, radi hupiga ng'ombe waliojikusanya chini ya mti, na kabla mizoga haijapoa watu wameshauliza nani kaituma. Mama yangu mkubwa aliulizwa hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Alihama usiku, na kapu moja.

Pale barabara kuu, fundi wa kuchomelea mageti naye ana macho mekundu, maana mwanga wa kazi yake huyaunguza asipovaa kinga. Kila siku anawasha radi ndogo mbele za watu, wala hashukiwi. Volti makumi machache, ampea mia na kitu, chuma kinayeyuka. Akiinua mkono kidogo tu, moto unakatika: hewa kavu hudai volti kama 30,000 ili cheche ivuke sentimita moja.

Sasa radi inavukaje kilomita kadhaa? Hapo ndipo utamu ulipo, na ndipo waandishi wetu wanapokimbia. Radi si cheche ya fundi iliyonenepeshwa. Hairuki mara moja. Inashuka kwa hatua, kila hatua makumi ya mita, ikiacha nyuma njia ya hewa inayopitisha umeme, mpaka iikaribie ardhi. Ndipo ampea kama 30,000 zinapita, na njia ile inashika joto mara tano ya uso wa Jua. Kitu kinachojipapasia njia gizani namna hiyo, hebu niambieni, si hadithi tosha?

Mwaka 1979 chombo cha Voyager 1 kilipiga picha za radi upande wa usiku wa Mshtarii, sayari isiyo na bibi hata mmoja.

Mtasema fasihi hubeba imani za watu. Sawa, mhusika aamini atakavyo. Ugomvi wangu ni na msimulizi anayethibitisha kwa sauti yake mwenyewe kwamba bibi ndiye aliyetuma. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Hiyo si tashbihi, bwana.

Mama mkubwa alifia ugenini, Nzega. Tukiwa makaburini ngurumo ikapiga, nikaona watu wawili wanatazamana.