Serikali Hujilindaje Inapojenga?

Kila jengo linapoanguka tunapewa wosia ule ule: tumieni makandarasi waliosajiliwa. Tuliusikia mwaka 2013, ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoua zaidi ya watu 30. Tukausikia tena Novemba 2024, ilipofika zamu ya Kariakoo. Safari hii umepata nyongeza: mafundi nao wasajiliwe mmoja mmoja, wapewe leseni, na asiye nayo asishike mwiko. Makala mbili katika toleo hili zinaitetea hoja hiyo kwa nguvu, nami nimezipa kurasa za mbele kwa sababu zimeandikwa vizuri. Sikubaliani nazo, na ni vyema msomaji alijue hilo kabla hajafungua ukurasa.

Msiba wa ghorofa hupata kamera na viongozi. Malalamiko yanayofika kwenye meza hii ni ya nyumba za vyumba vitatu za Chanika, Kibaha na Usa River. Lenta imepasuka boma likiwa halijapauliwa, jamvi limebonyea, fundi kachukua hela ya hatua inayofuata na simu yake haipatikani. Polisi wanasema hilo ni suala la madai, nenda mahakamani. Mahakamani mwenye nyumba anaulizwa mkataba uko wapi. Ni kweli Sheria ya Mikataba, Sura 345, haikatai makubaliano ya mdomo, lakini mdomo haukuandika popote idadi ya nondo.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997, inasajili makampuni ya majengo kuanzia daraja la kwanza hadi la saba. Mwalimu anayejenga msingi mwaka huu, boma mwaka kesho na paa Mungu akipenda, hafiki hata kwa huyo wa daraja la saba. Anamtafuta fundi aliyemjengea jirani, ananunua saruji mwenyewe, analipa hela ya ufundi mkononi.

Tuseme basi fundi huyo kesho anapata leseni. Itamzuia nini? Nondo ya milimita 12 ikibadilishwa na ya milimita 10, mwenye nyumba haoni, maana ni milimita 2 tu. Chuma kilichopungua ndani ya nguzo, hata hivyo, ni karibu theluthi moja. Ringi zilizopaswa kukaa kila sentimita 15 zikiachwa kila sentimita 30, zinazobaki zinauzwa au zinahamia saiti nyingine. Zege likishamwagwa ushahidi wote uko ndani, na cheti kiko ukutani kwenye fremu. Leseni inamtazama mtu siku anapoomba kazi. Wizi unafanyika asubuhi ya kumwaga zege, na asubuhi hiyo hakuna wa bodi aliyepo.

Hapa ndipo ninapowauliza watetezi wa leseni swali ambalo hakuna makala hata moja iliyoligusa: serikali yenyewe inapojenga, inajilinda kwa nini? Haijilindi kwa usajili peke yake. Usajili ni tiketi ya kuingia kwenye zabuni tu. Baada ya hapo serikali inadai dhamana ya utekelezaji kutoka benki au kampuni ya bima. Mhandisi mshauri anapima kazi iliyofanyika ndipo hati ya malipo inaandikwa. Kwenye kila malipo sehemu fulani inazuiwa. Na jengo likikabidhiwa linaingia kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mzima, na ufa ukitokea humo mkandarasi anarudi kuuziba kwa gharama yake, kwa sababu fedha yake bado iko mikononi mwa mwajiri. Serikali yenye wanasheria, wakaguzi na vyombo vya dola haimwamini mkandarasi wa daraja la kwanza bila kumshikia kitu. Mjane wa Chanika anaambiwa amwamini fundi kwa kuangalia kitambulisho.

Ushahidi wa pili unawakera zaidi wakandarasi, na najua barua zitakuja. Kwa miaka kadhaa serikali imejenga madarasa na zahanati kwa utaratibu wa fosi akaunti, ikiwatumia mafundi wa kawaida wa mtaani. Madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 kwa sehemu kubwa yalijengwa kwa njia hiyo. Mafundi ni wale wale tunaoambiwa ndio chanzo cha balaa. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi inayohesabu mifuko na nondo zinaposhuka kwenye lori, na malipo ya ufundi kwa hatua. Wizi haukukosekana, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimeandika kasoro nyingi. Lakini kasoro hizo zinaandikika kwa sababu karatasi zipo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba zetu nyingi hazina hata daftari la mapokezi.

Nje ya mipaka yetu funzo ni lile lile. Texas iliunda tume ya ujenzi wa makazi mwaka 2003 na kuwasajili wajenzi. Mwenye nyumba mbovu alilazimika kupitia kwanza mlolongo wa tume kabla ya kwenda mahakamani, hivyo chombo kilichoitwa kinga yake kikawa kinga ya mjenzi. Mwaka 2008 wakaguzi wa bunge la jimbo walipendekeza kifutwe, na mwaka uliofuata bunge likakataa kukiongezea maisha. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi yetu: chini ya sheria ya 1998 nyumba mpya inaandikishwa katika NHBRC, baraza la kusajili wajenzi wa nyumba, inakaguliwa ikijengwa, na inapata dhamana ya miaka 5 kwa kasoro kubwa za kimuundo. Ni mfumo mzuri kuliko leseni tupu. Hata hivyo jengo la mji wa George lililoporomoka Mei 2024 na kuua watu 34 lilikuwa limeandikishwa humo. Ukaguzi ukigeuka muhuri, unarudi kuwa leseni kwa jina jingine.

Sisemi bodi ifungwe. Kwa ghorofa la Kariakoo nataka mkandarasi mwenye jina, anuani na kitu cha kupoteza. Ninachokataa ni kumpa mwenye nyumba kadi ya fundi na kumwambia amelindwa.

Katika makala nyingine, mwandishi wetu wa Nairobi anakumbusha kuwa Kenya ilikuwa na mamlaka ya ujenzi tangu sheria ya 2011, na bado katika mtaa wa Huruma, Nairobi, mwaka 2016 jengo lililokwisha kuamriwa kubomolewa liliwaangukia watu. Makala ya Watanzania walioko Oman na Marekani wanaotumiwa picha za boma la jirani kwa WhatsApp itawachekesha, kisha itawauma. Ile ya rangi za kuta ni ya kupumzikia.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bodi mpya. Mosi, asilimia 10 ya hela ya ufundi ibaki kwa mwenye nyumba mpaka masika moja ipite, kwa maana mvua ya masika hailaghaiwi: paa litavuja au halitavuja. Pili, kwa kuwa halmashauri inapokea ada ya kibali cha ujenzi, ada hiyo imnunulie mwenye nyumba ziara moja ya mkaguzi kabla nondo hazijafunikwa, na saini yake iwe sharti la kumwaga zege. Mkataba wa ukurasa mmoja wenye masharti haya tumeuchapa mwishoni mwa toleo. Uchaneni, muutumie, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

Mnaotaka kunipinga, toleo lijalo lina nafasi. Ila mnapoandika, nitajieni katibu mkuu mmoja ambaye angeidhinisha malipo yote ya jengo la wizara yake kabla ya kipimo, bila dhamana wala matazamio, kwa sababu tu mkandarasi alionyesha cheti.