Mahari Si Dhamana

Jumatatu jioni polisi walimchukua kijana wa timu yangu ya mpira. Ana miaka 17. Alikuwa ametoroka na msichana wa miaka 16 wa bloku ya jirani, baba wa msichana akaenda kuripoti. Hadi Jumamosi kijana alikuwa bado yuko seli, pamoja na watu wazima. Korti hakuiona, wakili hakumwona. Waliofika ni wazee, na walifika na bei.

Nusu ya bei ikalipwa, baba akasema kesi imeisha, kijana akatoka. Na msichana je? Akapelekwa kwa kina kijana na sufuria zake mbili. Shule ikaishia hapo, kidato cha pili. Watu wakapiga vigelegele. Mimi siku hiyo nilishindwa kula.

Wazee wangu, nawaheshimu. Ugomvi wa foleni ya maji, wa kuku aliyepotea, wa mke na mume wasiosemezana, hiyo ni kazi yenu na mnaiweza kuliko polisi. Lakini hapa mmegeuza mambo. Mnatumia seli kudai mahari, halafu mnatumia mahari kufungua seli.

Niko Kenya, kwa hiyo nasema ya Kenya. Mlio Nyarugusu na Nakivale ulizieni ya kwenu. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 16 au 17 afungwe si chini ya miaka 15. Akiwa wa 12 hadi 15, si chini ya 20. Kesi hiyo si ya baba, ni ya Jamhuri. Mzee wa bloku hawezi kuifuta, na polisi wa zamu pia hawezi. Na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka miaka 18, hata mkileta ng'ombe mia.

Mtaniuliza: kwani ulitaka kijana afungwe miaka 15? Hapana. Nilitaka apate kile Katiba ya 2010 imemwandikia: kufikishwa kortini ndani ya saa 24, kutenganishwa na watu wazima kwa sababu yeye ni mtoto, na wakili wa kulipwa na serikali pale ambapo kukosa wakili kungemwonea. Kama kuna huruma, ionyeshwe hapo mbele ya hakimu, iandikwe. Chini ya mti huruma ina bei.

Na bei inajua nani ana pesa. Mwaka jana mwenye duka mmoja, mtu mzima mwenye watoto, alimshika msichana kwa nguvu. Alilala seli usiku mmoja tu. Wazee walewale, mti uleule. Alilipa yote papo hapo, leo anauza sukari kama kawaida. Sasa niambieni, huo mti unamlinda nani?

Nanyi wa mashirika, msicheke wazee. Mawakili wenu wanakaa na anayelalamika, na ni sawa kabisa, msiwaondoe. Lakini nilipoomba msaada kwa huyu kijana nilijibiwa, "Sisi hatushughulikii washukiwa." Basi nani anawashughulikia? Mtoto asiye na wakili atakubali bei yoyote ili atoke, na bei hiyo analipiwa na msichana. Mkimnyima mmoja wakili, mmewauza wote wawili.

Juzi nilimkuta msichana bombani. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza anataka nini. Akasema, "Ni wewe wa kwanza, kaka." Anataka kurudi darasani.

Ninachodai si kikubwa. Mashirika, wekeni wakili wa zamu anayepokea simu hata wikendi, na mtu mzima wa kukaa na mtoto kituoni, awe amekosewa au ameshtakiwa. Yule msichana aulizwe peke yake, na mwanamke, bila baba mlangoni. Wazee, kesi ya mtoto ikifika kwenu msikae kuijadili. Inukeni mpeleke mtoto kunakohusika, na siku ya korti mje mkae nyuma msikilize.

Mahari ni ya ndoa ya watu wazima waliopendana. Si dhamana.