Ulaya si mbali, kuchelewa ni kwetu

Wakulima wengi wa mboga na maua wa Arusha na Kilimanjaro wanaamini kuwa kikwazo kikubwa cha kuuza Ulaya ni umbali. Hesabu haiungi mkono imani hiyo.

Kutoka Nairobi hadi Amsterdam, jirani na mnada maarufu wa maua wa Aalsmeer, ni takriban kilomita 6,700 kwa njia ya anga. Ndege isiyotua njiani hutumia karibu saa nane. Ikiruka saa sita usiku wakati wa kiangazi cha Ulaya, hutua saa moja asubuhi kwa saa za kule, kwani wako nyuma yetu kwa saa moja.

Sasa tutazame huku chini. Kwa miaka mingi mazao mengi ya bustani ya kaskazini yamekuwa yakipelekwa Nairobi kwa malori kupitia Namanga ili yakapate ndege. Arusha hadi Nairobi ni kama kilomita 270 tu. Lakini lori likikwama njiani kwa saa nane kwa sababu ya karatasi au ubovu, muda huo ungetosha kulifikisha zao Uholanzi.

Tena saa hizo hazilingani. Zao lililochumwa bado linapumua, na joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Maharage machanga yaliyoachwa juani huanza kuzeeka kabla hayajaona ndege. Mnunuzi halipii kilomita. Analipia siku ambazo zao litadumu dukani.

Lipo pia suala la nauli. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa nafasi, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa kawaida meta moja ya ujazo huhesabiwa kuwa kilo 167. Anayefunga boksi nusu tupu anasafirisha hewa kwa fedha zake.

Nini kifanyike? Vikundi vya wakulima vivune alfajiri, viweke mazao kivulini na vichangie chumba cha ubaridi kabla ya kufikiria kununua lori. Serikali nayo, iliyozindua kituo cha pamoja cha Namanga na Kenya mwaka 2018, ihakikishe ukaguzi wa mimea na forodha unafuata saa za mazao, siyo saa za ofisi.

Mwisho, mkataba useme wazi nani anabeba hasara ndege isiporuka. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa, maua na mboga nyingi ziliozea Nairobi.

Anga hatuwezi kuifupisha. Barabara, mpaka na ghala viko mikononi mwetu. Tusipovirekebisha, tutabaki wasindikizaji katika soko hili.