Eti Wanajazana Wenyewe

Wapo watu ambao ziwa wameliona kwenye kalenda tu, lakini kwa kuwasema wasafiri wa majini hawana mpinzani.

Mmoja nilikutana naye Kisorya. Nilikuwa na mjomba kwenye pikapu, tumetoka kwetu Iringo, Musoma, alfajiri, tukapita Bunda, tukakata kuelekea ziwani. Tulikuwa tunapeleka mabati Nansio. Pale Kisorya barabara inaishia majini. Huna ujanja: unazima injini, unapanga foleni, unangoja kivuko cha kwenda Rugezi. Akina mama walikuwa wamekalia ndoo zao kivulini. Basi jamaa wa gari la nyuma yetu, shati limenyooka, akautazama ule umati akasema, "Hawa watu wa visiwani hawajifunzi. Ile meli ya Ukara, si walijazana wenyewe?"

Mjomba alinyamaza. Na mimi nikanyamaza, ndiyo maana leo naandika.

Haya, tuhesabu. MV Nyerere ilikuwa ikivusha watu na magari kati ya Bugolora, kisiwani Ukerewe, na Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, watu wakitoka gulioni Bugolora, ilipinduka ikiwa imebakiza hatua chache kufika gatini Bwisya. Walikufa watu zaidi ya 220. Waliookolewa 41. Jumlisha mwenyewe, halafu uniambie: hao wote walipitia dirishani?

Abiria hajikatii tiketi. Hafungui mlango, wala hapigi honi ya kuondoka. Mama ametoka kuuza mihogo yake, mkononi kabakiwa na nauli, nyumbani kaacha mtoto mchanga. Unamwambia asubiri kesho. Alale wapi? Kwako? Basi likijaza kupita kiasi, trafiki anamshika dereva na kondakta; sijasikia akiwaambia abiria kwamba wao ndio wajinga. Kwa nini sheria igeuke ikifika majini?

Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3 juu ya maji, na foleni ya kivuko pale ikabaki hadithi. Nimefurahi, kweli. Lakini Ukara haina daraja. Mtu wa Ukara anamtegemea yule anayesimama mlangoni na kusema, "Basi, inatosha."

Na sisi vijana wa kalamu tumo. Ukerewe imetupa Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika, iliyotoka 1971, inaanzia huko huko. Sisi je? Wahusika wetu wote wanakimbilia Dar, na ziwa tunalikumbuka jua likizama. Riwaya yangu mwenyewe, iliyofia kwenye daftari la tatu, ilianzia uwanja wa ndege. Mimi uwanja huo sijaukanyaga! Lakini foleni ya Kisorya naijua hadi harufu yake, na sikuiandikia hata mstari mmoja.

Kivuko kilipofika, magari yalitangulia. Jamaa alipandisha kioo, akaingia. Akina mama wakafuata na ndoo zao kichwani. Nilisimama pembeni nikaanza kuhesabu. Nilikuwa nimefika 63 mjomba aliponiita nikashike kamba ya mabati.